Siku za Mwisho Bangkok: Mwongozo wa Kujiandaa kwa Safari Ndefu ya Kurudi Afrika Mashariki

Msafiri wa Afrika Mashariki anayemaliza safari yake Thailand ana mambo mengi ya kukamilisha kwa muda mfupi: mizigo iliyozidi kilo, risiti za kodi ya kurudishiwa, baht (fedha ya Thailand) zilizobaki mfukoni, na muhuri wa uhamiaji usiomhurumia aliyechanganya tarehe. Mwongozo huu unahusu siku tatu za mwisho kwa mtu anayeondoka kupitia Bangkok kuelekea Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe, Kigali au Bujumbura, awe anakwenda moja kwa moja au anapitia Addis Ababa, Doha au Dubai. Umepangwa kwa kuhesabu kurudi nyuma kuanzia saa ya ndege, kwa sababu baadhi ya kazi hizi zinategemea ofisi ambazo hufungwa mwisho wa juma, nyingine zinategemea masoko ambayo hufunguliwa mwisho wa juma, na nyingine haziwezekani tena ukishakabidhi mizigo.

Hatua ya 1: Soma muhuri na tiketi kwa pamoja

Fungua pasipoti kwenye ukurasa wa muhuri wa kuingia. Pamoja na tarehe uliyoingia, muhuri huo una tarehe ya pili, ambayo ni siku ya mwisho unayoruhusiwa kuwa ndani ya Thailand. Hiyo ndiyo inayohesabiwa, si tarehe iliyo kwenye viza wala idadi ya siku uliyotajiwa na wakala wa safari. Kisha fungua tiketi, uiweke kando ya pasipoti. Ndege kadhaa zinazoelekea Afrika na Ghuba huondoka Bangkok usiku wa manane, na hapo ndipo hata wasafiri wazoefu huachwa. Tiketi iliyoandikwa tarehe 15, saa 01:15, ina maana ya saa saba na robo usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo unatakiwa kuwa uwanjani tarehe 14 jioni. Wathai katika mazungumzo yao ya kila siku huanza kuhesabu saa za usiku upya giza linapoingia, kama sisi, hivyo saa 19:00 kwao ni saa moja ya usiku. Lakini tiketi hufuata saa ishirini na nne, na tarehe yake hubadilika saa sita kamili usiku. Unapopanga na dereva au hoteli, mwonyeshe saa na tarehe kwa tarakimu.

Ikiwa muhuri wako nao unaishia tarehe 14, uangalifu zaidi unahitajika, kwa kuwa ukifika kwenye dirisha la uhamiaji baada ya saa sita usiku, ruhusa yako itakuwa imekwisha. Faini ya kuzidisha muda ni baht 500 kwa kila siku, na haivuki baht 20,000. Hata hivyo, aliyezidisha zaidi ya siku 90 hupigwa marufuku kurudi kwa mwaka mmoja hata kama amejisalimisha mwenyewe wakati wa kuondoka, na anayekamatwa kabla ya kujisalimisha hupewa adhabu kubwa zaidi. Mwenye sababu ya kweli ya kubaki aombe nyongeza kabla ya tarehe kuisha, kwa fomu ya TM.7 na ada ya baht 1,900, katika ofisi ya uhamiaji ya Chaeng Watthana iliyoko kaskazini mwa jiji.

Iwapo pasipoti imepotea, anza na ripoti ya polisi. Polisi wa watalii hupatikana kwa namba 1155 saa zote. Kenya ina ubalozi Bangkok. Raia wa nchi isiyo na ubalozi hapo awasiliane mara moja na ubalozi wa nchi yake unaosimamia Thailand. Ukishapata hati mpya, bado utahitaji kuipeleka uhamiaji ili kumbukumbu ya kuingia kwako ihamishiwe humo kabla ya kutoka. Kazi hii yote haiwezi kumalizika kati ya chakula cha mchana na ndege ya usiku, na ndiyo sababu naona pasipoti inapaswa kushikwa na kukaguliwa kwa macho siku tatu kabla, hata kama unaamini iko salama kwenye sefu ya hoteli.

Hatua ya 2: Rudi Bangkok usiku mbili kabla

Mipango mingi huweka visiwa mwishoni, ili mtu atoke ufukweni na kuunganisha moja kwa moja hadi uwanja wa ndege. Simshauri mtu yeyote kufanya hivyo. Visiwa vya Samui, Phangan na Tao, vilivyo upande wa Ghuba ya Thailand, hupata mvua na mawimbi makali zaidi kati ya Oktoba na Desemba. Upande wa Bahari ya Andaman, yaani Phuket, Krabi na visiwa vya Phi Phi, msimu mbaya huanza Mei na kuendelea hadi Oktoba. Bahari ikichafuka, boti husimamishwa, na tiketi yako ya ndege ya kimataifa haiwajibiki kwa boti ambayo haikuondoka.

Aliyekuwa Koh Tao au Phuket akipiga mbizi kwa mitungi ya hewa ana sababu nyingine, nayo ni ya uhai. Baada ya siku kadhaa za kuzamia, mwili unahitaji angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege ili naitrojeni iliyoyeyuka kwenye damu na tishu itoke taratibu, na saa 24 ni salama zaidi. Sheria hii inahusu pia ndege fupi ya kutoka kisiwani kwenda Bangkok.

Anayetoka Chiang Mai kwa treni ya usiku ajue kwamba tangu tarehe 19 Januari 2023 treni nyingi za masafa marefu hazifiki tena kituo cha zamani cha Hua Lamphong, bali kituo kikuu kipya cha Krung Thep Aphiwat kilichoko Bang Sue, ambako kuna treni ya chini ya ardhi ya kumpeleka katikati ya jiji. Anayetoka mikoani kwa ndege ya bei nafuu asome jina la uwanja anakotua. Nyingi za ndege hizo hutua Don Mueang, kaskazini mwa jiji, ilhali ndege za kwenda Afrika na Ghuba huondoka Suvarnabhumi, mashariki mwa jiji. Kuna basi la bure la kuunganisha viwanja hivyo viwili kwa mwenye tiketi, lakini linapita kwenye foleni ileile ya magari inayomkabili kila mtu. Kama safari yako inaangukia Songkran, mwaka mpya wa Kithai unaosherehekewa tarehe 13 hadi 15 Aprili, ongeza siku nzima, kwa kuwa nusu ya nchi huwa njiani na watu humwagiana maji barabarani.

Hatua ya 3: Maliza ununuzi siku mbili kabla, kisha pima

Siku ya manunuzi isiwe siku ya mwisho. Mnunuzi aliyebakiwa na saa chache hukubali bei yoyote, hajaribu nguo, na hana nafasi ya kurudisha zipu iliyoharibika.

Nguo za jumla ziko mtaa wa Pratunam, ndani ya jengo la Platinum Fashion Mall na katika vichochoro vinavyolizunguka. Utaratibu wake ni rahisi kuushika: kipande kimoja ni bei ya rejareja, na kuanzia vipande vitatu, mara nyingi hata vikiwa vya rangi tofauti, bei hushuka. Muuzaji huandika bei kwenye kikokotoo na kukugeuzia, nawe unaandika yako na kumrudishia, hivyo kutojua Kithai si kikwazo. Kabla ya kulipa, geuza nguo ndani nje, vuta mshono wa bega na wa kwapa, na ufungue zipu hadi mwisho, kwa sababu kwenye lundo moja huwamo nguo zilizoshonwa na mafundi tofauti. Vitambaa vya mita viko Pahurat, mtaa wa wafanyabiashara wenye asili ya India, na ukivuka barabara kuelekea Yaowarat, mtaa wa Wachina, unaingia Sampeng, kichochoro chembamba cha vifungo, riboni, hereni na vifungashio vya zawadi. Chatuchak, lenye vibanda zaidi ya 15,000, ni soko la Jumamosi na Jumapili. Kama ndege yako ni Jumatano, lazima uwe umepita huko mapema.

Mtu asiyemfahamu akikusimamisha karibu na Kasri Kuu na kukueleza kwamba leo limefungwa, lakini bajaji hii itakupeleka kwenye duka la vito lenye punguzo la serikali, endelea na safari yako. Huo ni utapeli wa miaka mingi, na kasri huenda liko wazi hatua chache mbele. Kwa wale ambao biashara yao hasa ni vito, na wako wengi kutoka kwetu wanaopeleka mawe mji wa Chanthaburi na mtaa wa Silom, Bangkok, jiwe la thamani lipimwe kwenye maabara inayotambulika, kama ile ya Taasisi ya Vito na Mapambo ya Thailand iliyoko Silom, na cheti kipatikane kabla ya siku ya kuondoka.

Jioni hiyohiyo, pima. Nunua mizani ndogo ya kuning'iniza, ambayo gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na faini ya kilo zilizozidi. Soma kwenye tiketi kama shirika lako linahesabu idadi ya mabegi au jumla ya uzito, kwa kuwa kilo 46 katika mabegi mawili si sawa na kilo 46 katika begi moja. Begi lolote linalozidi kilo 32 hukataliwa na mashirika mengi hata kama uko tayari kulilipia. Mzigo ukizidi, una njia tatu: kununua kilo za ziada mtandaoni kabla ya kufika uwanjani, kutuma kwa posta ya Thailand, ambayo huuza maboksi ya saizi mbalimbali hapohapo kaunta, au kumkabidhi wakala wa mizigo. Mawakala wako wengi Pratunam na wamezoea maboksi ya Afrika Mashariki. Kabla ya kumwachia mzigo, simama ushuhudie unavyofungwa na kupimwa, piga picha ya kilichomo na ya namba iliyoandikwa juu ya boksi, na udai risiti yenye uzito, bei kwa kilo, na maelezo ya kama ushuru wa nyumbani umo ndani ya bei au utalipwa na mpokeaji. Risiti isiyosema hilo la mwisho ni chanzo cha ugomvi.

Jambo moja linalowapata watu wetu hasa ni mifuko ya plastiki. Pratunam kila kitu hutiwa kwenye mfuko wa plastiki wa kubebea, kisha kwenye mwingine mkubwa. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na Rwanda ilitangulia mwaka 2008. Toa bidhaa zote kwenye mifuko hiyo ukiwa bado hotelini, uziweke kwenye mifuko ya kitambaa, ambayo masokoni huko ni rahisi na mizuri.

Hatua ya 4: Ondoa vitakavyokuletea matatizo

Sanamu za Buddha haziruhusiwi kutolewa nchini bila kibali cha Idara ya Sanaa, na kibali hicho huchukua siku kadhaa za kazi. Hirizi ndogo ya kuvaa mwilini haina tatizo. Hata kama kibali kipo, ufahamu kwamba Wathai hukerwa sana na sanamu hiyo inayotumiwa kama pambo la sebule, na heshima kwa wenyeji wako inatosha kukufanya uiache. Pembe za ndovu, bidhaa za magamba ya kasa na vipande vya matumbawe usinunue kabisa.

Bangi inahitaji kusemwa waziwazi. Thailand iliiondoa kwenye orodha ya dawa za kulevya mwezi Juni 2022, na mwezi Juni 2025 serikali ikarudisha masharti ya cheti cha daktari, lakini maduka yake bado yanaonekana mitaani, na baadhi ya peremende, biskuti na mafuta ya kujipaka yana bangi ndani yake. Kuitoa nchini ni kosa, na kuingia nayo Kenya, Tanzania, Falme za Kiarabu au Qatar, hata kwa kupita tu uwanjani, kunaweza kumaliza safari yako gerezani. Kagua mifuko ya ndani ya begi, soma maandishi ya kila pakiti uliyopewa kama zawadi, na usimbebee mtu boksi ambalo hukulifunga mwenyewe. Sigara za umeme nazo zimepigwa marufuku Thailand tangu 2014.

Pawabenki huwekwa kwenye mzigo wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linalokabidhiwa. Kinyume chake, chupa za mchuzi wa samaki, pilipili ya kusaga na mafuta ya nazi yaliyozidi mililita 100 huenda kwenye sanduku, zikiwa zimezungushiwa nguo. Duriani mbichi haibebwi ndani ya ndege, iliyokaushwa inabebwa.

Hatua ya 5: Kodi ya kurudishiwa

Kodi ya ongezeko la thamani Thailand ni asilimia 7, na mgeni anaweza kurudishiwa sehemu kubwa ya kodi hiyo iwapo alinunua kwenye duka lililosajiliwa kwa mpango huo, kwa angalau baht 2,000 katika duka moja kwa siku moja, na akaondoka na bidhaa kwa ndege ndani ya siku 60. Vibanda vya masokoni havimo. Duka likishakujazia fomu ya P.P.10 kwa pasipoti yako, ihifadhi pamoja na risiti halisi ya kodi, na uhakikishe jina na namba ya pasipoti vimeandikwa sawasawa.

Mfuatano wa uwanjani ndio unaowaponyoka wengi. Nenda kwanza kwenye dawati la forodha la ukaguzi, lililoko eneo la kaunta za kuondokea, ukiwa bado na sanduku lako, kwa sababu afisa anaweza kutaka kuona bidhaa zenyewe. Baada ya kugongewa muhuri ndipo ukabidhi mizigo, na fedha huzipokea ukishavuka uhamiaji. Saa, dhahabu na vitu vingine vidogo vya thamani kubwa vibaki kwenye mzigo wa mkononi, kwani huweza kukaguliwa tena ndani. Vito ambavyo havijafungwa kwenye pete au mkufu havirudishiwi kodi. Weka risiti zote mpaka nyumbani, maana forodha ya kwetu nayo itazihitaji kukadiria thamani, na nguo thelathini za aina moja zitahesabiwa kuwa ni biashara.

Hatua ya 6: Fedha

Baht ni vigumu kuibadilisha Afrika Mashariki, na sarafu zake haiwezekani kabisa. Tumia sarafu kwanza, badilisha noti kuwa dola ukiwa bado Bangkok, na ubakize kiasi cha teksi, ada za barabara ya kulipia na chakula. Ghorofa ya chini kabisa ya Suvarnabhumi, karibu na kituo cha treni, kuna vibanda vya kubadilishia fedha ambavyo kwa kawaida hutoa viwango bora kuliko vya benki zilizo ghorofa za juu. Bila kibali, mtu haruhusiwi kutoka na zaidi ya baht 50,000 taslimu.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Omba hoteli ikutunzie mizigo hadi jioni, oga kabla ya kuondoka hata kama itakubidi kulipia chumba nusu siku, na ule chakula cha kawaida ulichokwisha kukizoea. Vyakula vya barabarani vya Bangkok ni vizuri, lakini saa chache kabla ya ndege ya masafa marefu si wakati wa kujaribu saladi ya chaza wabichi.

Mwenye begi moja au mawili atumie treni ya uwanja wa ndege, inayoanzia Phaya Thai na kupita Ratchaprarop, kituo kilicho karibu na Pratunam: nauli ya njia nzima ni baht 45, mwendo ni takriban nusu saa, na haijali foleni. Mwenye maboksi achukue teksi, aombe mita kabla ya kupanda, na ajue kwamba ada za barabara ya kulipia ni juu yake. Ijumaa jioni, au mvua ikinyesha, jipe saa mbili njiani. Lengo ni kufika saa tatu kabla ya ndege, nne kwa mwenye fomu za kodi.

Baada ya uhamiaji tazama namba ya lango mara moja. Malango yanayoanza na herufi S yako kwenye jengo la pili, lililofunguliwa Septemba 2023, na hufikiwa kwa treni ndogo ya chini ya ardhi, hivyo si hatua mbili tatu kutoka madukani. Vyumba vya kuswalia vipo uwanjani. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae na pasipoti, si kwenye sanduku, kwa kuwa anayekwenda Dar es Salaam au Zanzibar kwa kupitia Addis Ababa au Nairobi anaweza kutakiwa kuionyesha.

Hatua ya 8: Ndani ya ndege na siku za kwanza nyumbani

Thailand iko mbele ya Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe kwa saa nne, na mbele ya Kigali na Bujumbura kwa saa tano. Ukipanda usiku wa manane wa Bangkok, nyumbani bado ni saa moja au mbili usiku. Geuza saa yako hapohapo na ulale kwa hesabu ya nyumbani. Kunywa maji, na kila baada ya saa mbili simama utembee, hasa kama una ujauzito au unavimba miguu. Aliyekwenda kwa matibabu au upasuaji aulize daktari wake kwa maandishi kama anafaa kuruka, na abebe ripoti, orodha ya dawa na diski ya picha mkononi.

Aliyeng'atwa na mbwa au nyani akiwa huko, hata kama kidonda kimefunga, asiondoke bila kuanza chanjo ya kichaa cha mbwa. Taasisi ya Kumbukumbu ya Malkia Saovabha, ya Msalaba Mwekundu wa Thailand, iko katikati ya Bangkok na inaijua kazi hii kuliko sehemu nyingi duniani. Watakupa kadi yenye tarehe za sindano zinazofuata, ambazo utazimalizia nyumbani.

Mwisho, homa. Dengi huenezwa na mbu wa mchana, na dalili zake huweza kuanza hadi wiki mbili baada ya kuumwa, wakati umeshasahau safari. Ukipata homa, maumivu nyuma ya macho na viungo kuuma, pima malaria kama kawaida, lakini mweleze daktari kwamba umetoka Thailand na umwombe akupime dengi pia. Mpaka majibu yatoke, tumia parasetamoli peke yake, wala usimeze aspirini au ibuprofeni, kwa kuwa dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu kwa mgonjwa wa dengi.